Usifuate Saa, Fuata Dagaa: Namna ya Kujenga Mazoea ya Kila Siku Ukiwa Kigoma

Jua la Kigoma linachelewa. Saa zetu zinasoma sawa na za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi kabisa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua hutuchomozea karibu dakika 40 baada ya kuwachomozea wao. Mwezi wa Julai unaweza kufika saa 1 kamili asubuhi na jua bado halijachomoza. Sasa mtu wa Dar akikwambia kwenye redio "amka saa 11 alfajiri ujisomee", yeye anazungumzia muda ambao kwake kunakaribia kupambazuka. Kwako hapo ni usiku wenyewe, umebakiza zaidi ya saa nzima ya giza.

Mimi ushauri huo niliufuata wiki mbili. Naanika na kuuza dagaa Kibirizi, mwalo wetu, yaani ufukwe zinapotua boti za uvuvi, niliishia darasa la saba, na nilikuwa nimeamua kusoma QT, ule mtihani wa maarifa unaokufungulia njia ya kufanya kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Naweka alamu saa 11, naamka, nawasha taa, nafungua kitabu cha Baiolojia, na saa 12 naamshwa na kelele za mwaloni shavu likiwa juu ya mchoro wa moyo. Wiki ya tatu nikaacha. Nikajiambia mimi ni mvivu, na maneno hayo niliyaamini karibu mwaka mzima.

Uvivu haukuwa tatizo. Nilikuwa nimelifunga zoea langu kwenye saa, wakati siku yangu haiendeshwi na saa hata kidogo. Inaendeshwa na boti. Boti zikirudi mapema, siku inaanza mapema. Zikichelewa, tunakaa mchangani tunapiga soga. Ninachoeleza hapa ndicho nilichokuja kukifanya baadaye, na kwangu kimeshika. Nimewaelekeza watu kadhaa, dereva wa bodaboda, mama ntilie, binti wa saluni, na kila mmoja alilazimika kukipunguza au kukiongeza kidogo. Na wewe utafanya hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Andika siku yako ilivyo

Chukua kaunta buku, au nyuma ya daftari la mtoto, uandike ulichofanya tangu kuamka hadi kulala. Fanya hivyo siku nne. Usiandike ratiba unayoitamani, maana hiyo kila mtu anayo kichwani na ni nzuri sana. Andika kilichotokea: "Nimekaa mwaloni nasubiri boti. Nimenunua beseni mbili. Nimeanika. Nimekaa. Nimegeuza. Nimekwenda sokoni Mwanga. Nimekaa tena kwa fundi cherehani."

Kama riziki yako inategemea ziwa, zile siku nne zigawe: mbili ziwe za giza, mbili za mbalamwezi. Kwa wasiojua, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wanaufuata mwanga na wavu unawanyanyua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina nguvu tena, basi boti nyingi zinapumzika. Ndiyo maana mwezi wetu una sura mbili. Wakati wa giza kuna kazi, pesa, usingizi mchache. Wakati wa mbalamwezi kuna mapumziko, nyavu zinashonwa, na mifuko inasinyaa. Mtu anayepanga zoea lake katika siku za mbalamwezi anajidanganya, maana giza likirudi hana hata dakika ya kunywa chai. Nilifanya kosa hilo mara mbili.

Ukimaliza siku nne, soma ulichoandika utafute neno "nimekaa". Mimi nililikuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja, na liwe na jina

"Nataka kubadilika" huwezi kukifanya Jumanne. "Nataka kusoma" nacho bado. Sema: kusoma ukurasa mmoja wa Historia, kuandika mauzo ya leo, kutembea kutoka Gungu hadi stesheni badala ya kupanda bajaji, kuweka shilingi 500 kwenye kibubu.

Moja tu. Najua Januari ikifika mtu anataka kuacha soda, kuanza mazoezi, kusoma, kuweka akiba na kusali kwa wakati, vyote kuanzia tarehe 1. Sikatazi kutamani. Ila nimeona kwangu na kwa wenzangu kwamba siku kimoja kikianguka, mtu anaviangusha na vingine ili asione aibu ya kubaki na vinne.

Hatua ya 3: Tafuta kigingi

Hapa ndipo kuna kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtumbwi hauachwi majini hivi hivi, unafungwa kwenye kigingi kilichokwisha kusimama. Zoea jipya nalo ni jepesi, linapeperushwa na upepo wowote, kwa hiyo linataka kufungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa. Waswahili walisema kawaida ni kama sheria. Basi tumia sheria uliyonayo kuivuta ile usiyonayo.

Kigingi changu nilikipata kwenye lile neno "nimekaa". Nikishawamwaga dagaa kwenye kichanja na kuwasambaza vizuri wasilaliane, hakuna cha kufanya mpaka upande wa juu ukauke ndipo niwageuze. Siwezi kuondoka, kuku na kunguru wako macho. Siwezi kulala, nitaibiwa. Miaka yote muda huo niliutumia kusikiliza nani kamwacha nani. Nikaandika sentensi moja nyuma ya jalada la daftari:

"Nikishasambaza beseni la mwisho, nitakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, chini ya mwembe, nijibu swali moja la Hisabati."

Itazame hiyo sentensi. Ina tukio linaloitangulia, ina mahali, ina kitendo, na kitendo chenyewe ni kidogo. Saa haimo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, ameshughulika miaka mingi na jambo hili hili: watu wanaopanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi ya wale wanaobaki na nia njema peke yake. Unapofika wakati wa kuamua, uamuzi umeshafanyika siku nyingi nyuma, na tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha.

Kigingi kizuri utakijua kwa sifa zake. Kinatokea kila siku, au karibu kila siku. Kina mwisho unaoonekana: "nikishafunga mlango wa duka" ni bora kuliko "jioni". Na kinakuacha mahali ambapo zoea lako linawezekana. Dereva mmoja wa bodaboda alitaka kujifunza Kiingereza, akafunga zoea lake kwenye kuwasha pikipiki asubuhi. Haikwenda, kwa sababu ukishawasha pikipiki unaondoka. Tukahamishia kwenye foleni ya kijiweni: akishaegesha na kujua ni wa ngapi kwenye zamu, anatoa karatasi mfukoni yenye maneno matano. Imekaa.

Mama ntilie ana maharage. Yakishachemka na moto kupunguzwa, kuna muda mrefu wa kusubiri. Kwa Waislamu, na Ujiji tuko wengi, adhana ni kigingi ambacho hakuna alamu ya simu inayokifikia: kinafuata jua la hapa hapa na hakiishiwi chaji. Jirani yangu aliunganisha kusoma kurasa mbili na kumaliza swala ya alasiri kabla hajakunja mswala. Mfanyakazi wa ofisini atatafuta chake, pengine kikombe cha chai ya saa 4. Siwajui sana hao.

Epuka kigingi chenye hasira au haraka ndani yake. Kuwatoa watoto kwenda shule, kwa mfano. Na usifunge zoea kwenye kushika simu, maana simu ukiishika imekushika.

Hatua ya 4: Kata mpaka uone aibu

Umeandika kurasa tano? Kata ziwe moja. Dakika 30 za mazoezi? Fanya tano. Kipimo chake ni hiki: fikiria siku yako mbaya kuliko zote za mwezi uliopita. Kwangu ni siku ambayo mvua ilitukuta tumeanika, dagaa wakalowa, tukakimbizana na maturubai, na nusu ya mzigo ukaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Siku hiyo, je, ningeweza kujibu swali moja la Hisabati? Ndiyo, kwa kununa. Kurasa tano nisingeweza. Basi swali moja ndiyo kiwango.

Ukiweza zaidi, fanya zaidi. Siku nyingi nilijibu kumi, kumi na mbili. Lakini deni langu lilikuwa moja tu, na nikishalilipa nalala bila lawama.

Hili linawasumbua sana wanaume, sijui kwa nini. Ukimwambia mtu mzima apige pushapu mbili kwa siku anacheka. Anaanza na 50, anapiga siku tatu, ya nne mikono inauma, ya tano ana msiba Mwandiga, na hapo hadithi inaisha.

Hatua ya 5: Toa vikwazo usiku wa kuamkia

Hapa ni fupi. Kitabu kiwe ndani ya beseni utakalobeba asubuhi, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili maji ya dagaa yasikipate. Peni mbili, kwa kuwa moja itaazimwa. Anayetaka kutembea aviweke viatu mlangoni. Anayeweka akiba akiweke kibubu karibu na anapohesabia pesa. Kikiwa chumbani chini ya kitanda, noti itapotea njiani.

Kinachokuharibia kifanye kiwe mbali. Nilikuwa na simu kubwa na kitochi. Mwaloni nikawa naenda na kitochi, kinapokea wateja na pesa, basi. Ile kubwa ikabaki nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba dagaa hawachelewi kukauka kama nilivyokuwa nadhani. Ni mimi nilikuwa nachelewa kuwageuza.

Hatua ya 6: Weka alama, na usihesabu siku 21

Tafuta kalenda ya ukutani, zile wanazogawa madukani mwisho wa mwaka. Ukifanya, piga mstari kwenye tarehe. Hakuna maelezo wala kujipa maksi. Mimi naongeza kiduara kwenye siku za mbalamwezi, ili baadaye nikitazama nyuma nijue kama nashindwa ovyo au nashindwa kwa mpangilio.

Utasikia sana kwamba zoea linajengwa kwa siku 21. Chanzo cha namba hiyo ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya baada ya upasuaji. Alizungumzia pua na sura, na alisema "angalau". Watu wakachukua namba, neno wakaliacha.

Waliopima mazoea yenyewe ni watafiti wa UCL, chuo kikuu cha London, katika kazi iliyochapishwa 2009. Waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi na kulifunga kwenye tukio la siku yake, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuanza kujiendesha lenyewe. Lakini tofauti zao ni kubwa mno: yupo aliyekadiriwa siku 18, yupo aliyekadiriwa 254. Na mambo mepesi yalishika haraka kuliko mazoezi ya mwili.

Kwa hiyo ukifika siku ya 21 na bado unajisukuma, hujaharibika. Kwangu swali la Hisabati lilichukua karibu miezi mitatu. Siku niliyojua limeshika ni siku niliyosahau kitabu nyumbani, nikajikuta nimekaa kwenye ndoo, chini ya mwembe, natafuta kitu mkononi kama mvuta sigara.

Hatua ya 7: Amua mapema utafanya nini ukikosa

Utakosa. Malaria ipo, msiba upo, mgeni atashuka na treni bila taarifa. Watafiti wale wale waliona kwamba kukosa siku moja hakukurudisha nyuma ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana. Kinachoua ni siku ya pili, kisha yale maneno: "nimeshaharibu, nitaanza upya Jumatatu." Jumatatu imezika mipango ya watu wengi hapa mjini.

Andika kanuni yako kabla hujakosa. Yangu: nikikosa leo, kesho nafanya kile kidogo tu, nisijilipize. Kujilipiza ni kusema "jana sikufanya, basi leo mawili", kesho kutwa matatu. Hapo umegeuza zoea kuwa mkopo wenye riba.

Hatua ya 8: Kigingi cha akiba

Hii niliilipia ada. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana na kukua. Mimi nilikuwa nimeshazoea kabisa, na nilidhani mapumziko hayo yatanipa muda wa kusoma mpaka nichoke. Miezi mitatu bila kazi! Nilijibu maswali yasiyofika 20.

Nilishangaa, nikajiita yale majina ya zamani. Baadaye ndipo nilipoelewa: boti hazikurudi, beseni la mwisho halikusambazwa, kigingi kilikuwa kimeng'olewa. Zoea langu halikuwa ndani yangu kama nilivyojisifu, lilikuwa limefungwa pale kichanjani. Nilikuwa na muda mwingi na hakuna kilichoniambia "sasa".

Kwa hiyo usiishie kwenye sentensi moja. Andika ya pili, kwa ajili ya siku ambazo siku yenyewe imebadilika: mbalamwezi, likizo, safari, ugonjwa wa mzazi, ziwa kufungwa. Ya kwangu sasa inasema: "Kama hakuna dagaa, nikishaosha vyombo vya asubuhi, nitakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nijibu swali moja." Vyombo havifungwi na serikali. Na ile sentensi ya pili usiisubirishe hadi siku ya shida. Ijaribu mara mbili tatu kila mbalamwezi, kama mtu anavyoichungulia boti ya akiba kama inavuja.

Mambo mawili ninayoulizwa

La kwanza, kuacha tabia mbaya. Njia ni ile ile kwa kinyume: tafuta kigingi kilichoifunga hiyo tabia, uweke kitu kingine mahali pake. Nilikuwa nakunywa soda kila nikimaliza kuanua. Sikuacha kwa kuapa. Nilianza kubeba chupa ya maji yenye ndimu na kuinywa muda ule ule, mahali pale pale. Mwenye ulevi wa pombe au kitu kikali zaidi, hapo mbinu za ndoo na mwembe hazitoshi, aende kituo cha afya azungumze na wataalamu.

La pili, kumwambia mtu. Mwambie mmoja, anayekuona kwa macho, na umwambie unachofanya badala ya utakachokuwa. Nilimwambia kijumbe wa mchezo wetu wa upatu, mama ambaye hajasahau deni la mtu tangu nimfahamu. Kila Jumamosi akija kuchukua hela ananiuliza, "Na maswali yako?" Kutangaza kwenye stetasi sikushauri. Watu watakupongeza siku ya kwanza, utashiba pongezi, na chakula chenyewe hutakipika tena.

Lini kuongeza la pili? Lile la kwanza likianza kukukera usipolifanya. Mimi kwa sasa nahangaika na kuandika mauzo kila jioni. Nilikifunga kwenye kurudi nyumbani, kikafa, kwa kuwa nyumbani nikifika naitwa mama na watu watatu kwa pamoja. Nikakihamishia baada ya chakula cha usiku, nikasinzia. Tangu wiki iliyopita nakijaribu pale pale mwaloni: nikishafunga gunia la mwisho kwa kamba, kabla sijainuka, naandika namba mbili kwenye daftari, pesa iliyotoka na iliyoingia. Nina alama tano kwenye kalenda. Kesho mwezi unaanza kuwa mkubwa.